Kata ya Peke Yake

Watu husema mdogo wangu alizaliwa muuaji. Mimi nilikuwepo alipozaliwa. Nilikuwa na miaka sita hivi, nimekaa nje ya mlango nimemshika mbuzi mmoja mkorofi asiingie ndani, na nilimsikia akilia kama walivyolia watoto wote wa kijiji chetu. Mkunga akatoka, akaniambia nimepata mdogo wa kiume, mzito kama boga. Hakuzaliwa na rungu mkononi. Nayasema haya kwa sauti kwa sababu nimezeeka, na nimechoka kusimuliwa habari za nyumba yetu na watu ambao hawakuwepo.

Aliua watu watatu, nami sitalipunguza hilo hata kwa neno moja. Alimuua mama mmoja muuza pombe huko machimboni, akamuua mchunga ng'ombe kwenye njia ya Kahama, na wa tatu alikuwa mkunga yuleyule aliyempokea duniani, ambaye baadaye alinizalisha na mimi mtoto wangu wa kwanza. Anayetaka nimlilie mdogo wangu bila kuwalilia hao amebisha hodi mlango usio wake. Lakini anayetaka kujua mtoto mzito kama boga alifikaje huko, aache kunitajia pepo na laana na damu mbaya, akae chini anisikilize.

Kwetu ni upande wa Tinde, nyumba ya udongo ndani ya ua wa minyaa, zizi mbele, mtama na karanga nyuma. Mdogo wangu alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa kali, mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Wakasema degedege, wakamfukiza kwa mavi ya tembo, homa ikashuka. Tukadhani yamekwisha. Alipofika miaka mitano, wakati ule wazungu wanapigana vita vyao na vijana wetu wanachukuliwa kwenda kuwapigania, akaanza kuanguka. Anaweza kuwa anacheka, ghafla anatulia, ananiambia, "Dada, nasikia harufu ya nywele zinaungua." Kisha yuko chini, miguu inapiga vumbi, povu linamtoka mdomoni. Baadaye hulala, na akiamka hakumbuki kitu. Aliniuliza mara nyingi kwa nini watu wamesimama mbali.

Walisimama mbali kwa sababu kwetu kila mtu alijua, kama anavyojua jua linatokea wapi, kwamba kifafa kinakaa kwenye povu. Ukimgusa mgonjwa akiwa ameanguka na povu likakupata, kimehamia kwako na kwa uzao wako. Kwa hiyo mtu akianguka, unakimbia. Huo ndio ulikuwa ujuzi wetu, na mpaka leo nawajua wenye vyeti vya shule ukutani ambao wangekimbia vilevile.

Asubuhi moja alianguka kwenye mafiga. Uji wa ulezi ulikuwa jikoni, wageni wawili wa baba walikuwa uani, na mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka motoni. Baba akapiga kelele, "Msimguse!" Tukabaki tumesimama, watu wazima wanne na mimi, tunautazama mkono wa mtoto ndani ya makaa. Mama ndiye aliyechukua jembe, akainasa nguo ya mtoto kwa jembe hilo, akamvuta nje kama unavyovuta kuni. Mama yangu alimvuta mwanawe kwa jembe. Nikifika hapo natamani kumpiga mtu, na wote waliostahili kupigwa wamekufa, nimebaki mimi.

Mkono wa kushoto ulipona ukiwa umejikunja, vidole vitatu vimeshikana. Baba akaamua mtoto atengwe. Akajengewa kibanda kando ya zizi la ndama, chakula chake kikawekwa chini mlangoni, naye akapewa kata ya peke yake. Kata ni kibuyu kidogo chenye mkono, cha kuchotea maji mtungini, na kwetu nyumba nzima hunywa kwa kata moja, mgeni akija hunywea hiyohiyo. Ya mdogo wangu ilibidi ijulikane, mtu asije akaikosea. Mama akaniambia niitie alama. Nilichukua kisu nikachonga mapengo mawili ukingoni, kama meno ya panya, na nakumbuka nilijisifu kwamba nimechonga vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, yeye sita.

Kuanzia siku hiyo mpaka anaota ndevu, hakuna mtu aliyemgusa isipokuwa kwa wembe au kwa fimbo. Waganga walimchanja kichwani na kifuani. Baba alimpiga kwa fimbo ya kuchungia, mara nyingi kichwani, eti kukitoa kile kitu. Watoto wenzake walicheza mchezo wa kujiangusha mbele yake na kujitoa mate. Alikuwa na mbwa mmoja, wa rangi ya majivu, aliyekula naye kwenye chungu kimoja na kulala miguuni pake. Siku moja tulimkuta amemnyonga mbwa yule kwa kamba ya ndama, amekaa kando anamsafisha kupe masikioni. Baba alipomuuliza kwa nini, akajibu, "Alikwenda kula kwa wengine." Baba akasema mtoto huyu ana moyo wa jiwe, akaenda zake shambani. Mtoto wa miaka kumi anakuambia kitu kama hicho, nawe unaenda kupalilia mtama!

Mimi nilikwenda kumbebea mbwa nje ya ua tukamzike. Mdogo wangu alinifuata kwa mbali, hatua kumi nyuma, kama alivyofundishwa.

Nje ya ua hatukusema. Hilo ndilo lazima lieleweke, la sivyo mengine yote hayataeleweka. Nyumba yenye kifafa mabinti zake hawaposwi, na walioolewa hurudishwa, na ng'ombe waliotolewa mahari hudaiwa mmoja mmoja. Wageni wakija, mdogo wangu hufungiwa kwa ndama. Wakiuliza ule mkono, aliungua akicheza. Wakiuliza mbona amekonda, ana malaria. Yeye mwenyewe alifundishwa kujibu hivyo. Ukimuuliza unaumwa nini, atakuambia malaria, bila kupepesa macho. Mimi niliolewa Ngokolo, pale Shinyanga mjini, na mume aliyekuwa mpimaji kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na katika mazungumzo yote ya posa jina la ugonjwa ule halikutajwa. Nilimzalia watoto wawili huku nimelimeza.

Mdogo wangu alipofikisha miaka kumi na saba akaondoka kwenda Geita kwenye dhahabu. Hakuaga. Alipata kazi kwenye machimbo madogo ya mzungu mmoja, ya kusukuma vigari vya mawe kutoka shimoni, na alikuwa na nguvu za kutosha hata kwa mkono mmoja na nusu. Baada ya mwaka alikuja kunitembelea Ngokolo. Sikumjua. Alikuwa amenenepa, amevaa kofia, anacheka. Aliniambia kambini wako watu wa kila kabila, Wasumbwa, Wazinza, Waha, hata watu wa pwani, na hakuna anayemjua mtu kwao ni wapi. "Dada," akasema, "tunakunywa kata moja watu ishirini." Alilirudia hilo mara mbili. Alikuwa bado anaanguka, lakini mara chache, na alipoisikia ile harufu alijificha kwenye handaki la zamani mpaka ipite. Ningeulizwa leo mdogo wangu alikuwa nani, ningemtaja yule wa siku hiyo, mwenye kofia.

Kisha jiwe likamwangukia juu ya jicho la kulia. Wenzake walisimulia kwamba alilala siku tatu bila kufumbua macho, paji la uso limebonyea. Walimfunga kitambaa, na alipoweza kusimama akaambiwa kazi imekwisha. Aliyerudi kwangu mara hii hakuwa yule. Hasira ilimjia bila kubisha hodi. Alicheka msibani, akalia kwa sababu ya kuku. Alimwambia mume wangu maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake, kisha dakika hiyohiyo akamwomba tumbaku. Zamani akikasirika ungeona anajizuia, unaona kabisa mtu anavuta kamba. Sasa kamba haikuwepo. Nilimwona, nikamwambia mume wangu pombe ya machimboni imemharibu. Nilikuwa mtu mzima mwenye macho mawili, na hilo ndilo neno nililolipata.

Mjukuu wangu ni muuguzi, na amenieleza kwamba sehemu ile ya ubongo nyuma ya paji la uso ndiyo inayomzuia mtu, ndiyo inayomwambia ngoja kwanza. Amenieleza pia kwamba kifafa hakimfanyi mtu kuua, na ananifokea nikizungumza kana kwamba kinafanya hivyo. Ana haki. Nimewajua wenye kifafa wasioweza kumchinja hata kuku wa sikukuu, na wachimbaji waliobonyea vichwa wakaishi kwa amani na wake zao, na watoto waliotengwa wakawa mapadri. Lakini mtu mmoja akipewa yote, homa ya utotoni, kuanguka, fimbo za kichwa, miaka kumi na zaidi ya kula mlangoni kama mbwa, halafu jiwe? Mjukuu wangu anasema hata hapo si lazima. Anasema kuna uwezekano tu, kama mbegu na mvua. Basi sisi tulipanda, tukamwagilia, tukaja kushangaa mtama umetoka.

Wa kwanza alikuwa yule mama muuza pombe. Mdogo wangu alirudi machimboni kutafuta kazi, akaanguka uani kwa yule mama mbele ya wateja. Siku iliyofuata alipokuja, mama yule akamwekea pombe yake kwenye kipande cha kibuyu kilichovunjika, kando, chini. Alikutwa amekufa kesho yake asubuhi nyuma ya nyumba yake. Aliacha watoto wanne. Wakasema ni wezi. Wa pili alikuwa yule mchunga ng'ombe kwenye kisima cha njiani, miezi mingi baadaye. Mdogo wangu aliinuka kutoka kuanguka, mdomo bado una povu, akaomba maji, na yule mtu akaivuta kata yake nyuma. Wakasema ni mambo ya ng'ombe.

Wa tatu ni bibi mkunga. Alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua michembe ya viazi na mjukuu wake wa kike, mchana kweupe. Mdogo wangu akamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba. Akaomba maji. Bibi akachota kwa kata, akamwambia akinge viganja, akammiminia mikononi kutoka juu. Mjukuu alikimbia akipiga yowe, na watu walipofika walimkuta mdogo wangu amekaa palepale chini, karibu na bibi, ameshika ile kata. Hakukimbia. Aliwaambia askari na wale wawili wa kwanza, bila kuulizwa.

Nilikwenda msibani kwa bibi yule. Wengine wa familia yetu hawakwenda, waliogopa. Nilikwenda na mtoto ambaye yeye alimtoa tumboni mwangu, nikakaa mlangoni mpaka wanawe wakaniambia niondoke. Walikuwa na haki. Niliondoka.

Mahabusu alikaa Shinyanga mjini, na mimi nilikuwa napeleka chakula. Daktari wa serikali aliagizwa ampime akili. Mhudumu wa hospitali aliyekuwa jirani yetu Ngokolo ndiye aliyekaa pale kutafsiri, na yeye ndiye aliyenisimulia. Daktari aliuliza leo siku gani, mtemi wenu nani, ng'ombe watano ukitoa wawili wanabaki wangapi. Mdogo wangu akajibu yote sawasawa. Akaulizwa kama ana ugonjwa wowote. Akasema malaria. Daktari akawauliza askari wa gereza kama amewahi kuanguka, nao wakasema hapana. Miaka mingi baadaye askari mmoja aliniambia alimwona akianguka mara mbili, lakini aliogopa wenzake wakisikia alikuwa karibu naye wangeacha kula naye. Daktari akaandika kwamba ana akili timamu. Ilichukua muda wa kuchemsha viazi.

Wiki moja kabla ya kesi, baba mdogo akaita kikao nyumbani. Baba alikuwa ameshafariki, na baba mdogo ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo. Tulikuwa wachache, yeye, mama, mimi, na wazee wawili. Wakili aliyepewa mdogo wangu na serikali alikuwa ametuma neno: kama kuna ugonjwa wowote wa kichwa tangu utotoni, mama aje aseme mahakamani, kwa sababu mtu aliyeua akiwa mgonjwa wa akili hanyongwi, hufungwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba mdogo alilieleza hilo vizuri kabisa, hakuficha kitu. Kisha akasema:

"Sasa sikilizeni. Huyu amekwisha kupotea, kwa kamba au kwa minyororo. Lakini nyuma yake wapo mabinti. Huyu dada yake ana watoto Ngokolo. Na mdogo wake wa kike, ng'ombe wake wa mahari wanakuja baada ya mavuno. Mayu, mama yao huyu, akisimama mbele ya umati wa watu akasema kifafa, ni nani atabaki kwenye ndoa?"

Mama alikuwa anachora chini kwa kidole. Akaniuliza mimi, "Ng'wanawane, mwanangu, wewe unasemaje?"

Aliniuliza. Nimejaribu kusahau kwamba aliniuliza. Ningeweza kusema, mayu, sema kweli, na nirudishwe kama ni kurudishwa. Niliwafikiria wanangu wawili wakikaa kwa baba yao bila mimi. Nikasema, "Mjuavyo ninyi wakubwa."

Kesi ilisikilizwa siku tatu. Jaji alikuwa mzungu mwenye kikohozi, kando yake wazee wawili washauri, na mkalimani aliyekijua Kisukuma na Kiswahili kuliko mimi, sitamsingizia. Mashahidi walisema ya kipande cha kibuyu, ya kata iliyovutwa nyuma, ya maji yaliyomiminwa viganjani. Kila mmoja aliitaja kata kama mtu anavyotaja mawingu ya siku hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma na kwenye ushahidi wa pili nikaelewa. Hata kabla mjukuu wa bibi hajafungua kinywa nilijua atasema nini. Niliyaona mapengo yangu mawili, niliyoyachonga kwa kisu cha mama.

Mdogo wangu alipoulizwa kwa nini aliwaua, akasema maneno matatu tu: "Walininyima kata yao."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Mwendesha mashtaka akasimama, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kusoma vitabu mpaka nywele zikamtoka na asielewe kitu. Akasema, mnasikia wenyewe. Mtu huyu anakumbuka, ana sababu, aliudhika kwa jambo dogo akalipiza kisasi. Mwendawazimu hana sababu. Wazee washauri wakaitikia kwa vichwa. Wale wazee wawili, wakulima wa kwetu, wenye nyumba na mitungi na kata zao! Walijua kata ya peke yake ni nini. Hapakuwa na mtu chumbani mle, isipokuwa wale waliovaa majoho, asiyejua mtu anatengewa kata kwa ugonjwa gani. Hata hivyo walitazama viatu vyao.

Wakili akamwita mama. Akaapishwa. Wakili akamuuliza kama mwanawe aliwahi, tangu utotoni, kuugua ugonjwa wa kuanguka na kupoteza fahamu. Mama akanitazama mimi, hakumtazama wakili wala jaji. Nikainamisha macho.

"Hapana," akasema. "Alikuwa mzima. Mkono aliungua akicheza."

Mdogo wangu kizimbani akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anamsaidia. Alikuwa amefundishwa jibu lile tangu ana miaka sita, na mama alipolitoa bila kukosea, aliridhika.

Akahukumiwa kunyongwa. Mama alitembea kwa miguu yake mpaka nje, akakaa chini kwenye jua, na kuanzia siku hiyo hakusema sentensi yenye maneno zaidi ya matano mpaka alipokufa.

Mimi nililala siku mbili. Siku ya tatu nikajifunga kanga, nikaenda hospitali kwa yule daktari, bila kumwambia mume wangu. Nilisema kila kitu, degedege, povu, jembe, kibanda, kata, jiwe. Jirani yangu alitafsiri huku jasho linamtoka. Daktari alinisikiliza, na nakiri alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Kwa nini hukusema mahakamani?"

Nikamweleza habari ya ng'ombe na ndoa. Akaniambia mama yangu ameapa, na askari wamesema, na mfungwa mwenyewe amesema, na kwamba kila mfungwa akishahukumiwa, ndugu zake huanza kukumbuka magonjwa. Aliahidi ataandika. Huenda aliandika. Kwenye barua ya kuomba rehema kwa gavana nilisikia kulikuwa na mstari mmoja juu ya dada yake mfungwa. Uongo wa mama yangu waliuamini mara moja, mbele ya watu wote, na ukweli wangu wakauona ni machozi ya mwanamke. Nilirudi nyumbani nimeshika kanga kwa meno kwa hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki.

Walimpandisha treni asubuhi moja. Niliruhusiwa kumwona stesheni, kwa umbali wa hatua kumi. Umbali ule ule. Nilimwambia askari nataka kumshika mkono, akasema haiwezekani. Mdogo wangu akasema, "Dada, usisogee, watakuona." Mpaka siku ile alikuwa bado anailinda ndoa yangu.

Taarifa ilikuja baada ya miezi, kupitia ofisi ya wilaya. Maiti hatukupewa. Tuliketi matanga bila kaburi, mimi na mama na watu wachache, kisha nikarudi Ngokolo. Mama mkwe akasafiri kutoka kijijini kwao kuja kunipa pole. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye ulimi, lakini kwangu alikuwa mwema siku zote. Tulikaa ukumbini mchana, watoto wamelala. Nikaona hapa hapa. Sina tena cha kulinda, na anirudishe akitaka.

"Mama," nikamwambia, "mdogo wangu alikuwa na kifafa. Tangu mtoto. Tuliwaficha mliponiposa. Na mahakamani tukaficha, ili mimi nisirudishwe."

Hakushtuka. Alikuwa anatafuna karanga, akaendelea kutafuna mpaka akamaliza.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua lini?"

"Kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Mshenga aliuliza, akamuuliza mkunga wenu. Mshenga asiyeuliza ana kazi gani?"

"Mbona basi mkanioa?"

Akageuka kuangalia mlango, akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Na kwetu alikuwepo. Mdogo wake baba mkwe wako. Tulimweka shamba la mbali mpaka akafa. Mngetusema, tungewasema. Kila nyumba ina wake, ng'wanawane. Watu hunyamaziana."

Akainuka, akachota maji mtungini, akanywa, akanipa kata na maji yaliyobaki. Ilikuwa kata ya nyumba, haina alama yoyote. Nilikunywa, maana nililia sana na nilikuwa na kiu. Halafu nikiwa bado nimeishika nikaanza kuwahesabu waliojua. Yeye alijua, na mume wake, na mshenga. Bibi mkunga alijua, ndiyo maana alimimina kutoka juu. Askari wa gereza walijua. Wazee washauri walijua tangu kata ya kwanza ilipotajwa. Tulimwacha mtu anyongwe kwa ajili ya siri ambayo katika wilaya nzima alikuwa haijui mtu mmoja tu, na huyo ndiye tuliyemkalisha kwenye kiti cha jaji aamue.